Mkandarasi kipofu aliyepitisha barabara juu ya kinamasi kwa matita ya vichaka

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA mwenye shamba bondeni anajua kuwa hasara yake kubwa wakati mwingine haitokani na wadudu wala bei ya mbolea. Inatokana na kipande kimoja cha njia, pengine mita 200 tu, ambacho kila masika hugeuka tope na kulimeza lori mpaka kwenye ekseli huku nyanya zikioza juu yake.

Wakiitwa mafundi, jibu lao la kwanza mara nyingi ni lile lile: mwageni mawe. Mawe yanamwagwa, yanazama. Mwaka unaofuata yanamwagwa mengine, nayo yanazama. Fedha za kijiji zinaishia chini ya tope na njia haionekani.

Tatizo hilo ni la kale. Mmoja wa watu waliolipatia dawa ya gharama nafuu alikuwa mfanyabiashara wa Kiingereza wa karne ya 18, ambaye hakuiona hata barabara moja kati ya zote alizojenga. Aliitwa John Metcalf, lakini watu wa kwao walimzoea kwa jina la Jack Kipofu wa Knaresborough.

Metcalf alizaliwa Agosti 15, 1717, Knaresborough, mji mdogo wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini. Alianza shule akiwa na miaka minne, na alipofikisha sita akaugua ndui, ugonjwa uliokuwa ukiua na kulemaza watoto wengi enzi hizo kabla ya kupatikana chanjo. Alipona, lakini macho yote mawili yakawa yamekufa.

Wengi wangemweka mtoto wa namna hiyo kizingitini akae. Huyu hakukaa. Alijifunza mtaa wao kwa miguu na kwa masikio, kisha mji mzima, kisha mashamba ya jirani. Alipanda miti kutafuta viota pamoja na wenzake, akajua kupanda farasi na kuogelea. Utu uzimani aliwahi kuitwa kuopoa miili ya watu waliozama katika mto Nidd unaopita mjini kwao.

Wazazi wake walimfundisha kupiga fidla, maana muziki ulikuwa moja ya kazi chache ambazo jamii iliamini kipofu anaweza kuzifanya. Mwaka 1732, akiwa na miaka 15, alipata kazi ya kupiga fidla katika hoteli moja ya Harrogate, mji wa jirani ambako matajiri walikwenda kunywa na kuoga maji ya chemchemi kwa ajili ya tiba.

Harrogate ilimpa kitu ambacho kila mfanyabiashara anakihitaji, yaani kufahamiana na watu wenye fedha. Inaelezwa kuwa usiku mmoja alimwongoza bwana mmoja mgeni kutoka York hadi Harrogate, kila mmoja juu ya farasi wake. Mgeni yule aligundua kuwa kiongozi wake haoni pale tu walipokwisha kufika na kukaa mezani.

Kisa kingine kinahusu safari ya London. Kanali mmoja aliyemfahamu alimkuta huko na kumwambia apande gari lake la farasi warudi wote Harrogate, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Metcalf alishukuru, akasema atatembea. Alitembea kweli, na akafika kabla ya kanali.

Watu hukisimulia kisa hicho kusifia miguu ya Metcalf. Mimi naona kinasema zaidi juu ya barabara za wakati ule. Gari la tajiri, lenye farasi na watumishi, lilikuwa likikwama kiasi kwamba kipofu mwenye fimbo aliliacha nyuma.

Biashara moja baada ya nyingine

Mwaka 1739 Metcalf alikuwa amependana na Dorothy Benson, binti wa mwenye hoteli ya Granby, mjini Harrogate. Baadaye kijana akampa ujauzito msichana mwingine, akatoroka, akaishi miezi kadhaa pwani ya mashariki akipiga fidla. Aliposikia kuwa Dorothy anaozwa kwa fundi viatu, alirudi haraka na kumtorosha usiku wa kuamkia harusi. Waliishi pamoja mpaka Dorothy alipofariki mwaka 1778, wakapata watoto wanne.

Baada ya kuoa, fidla peke yake haikutosha kulisha nyumba. Metcalf akawa mtu wa kwanza Harrogate kukodisha magari ya farasi kwa wageni. Biashara ilipoanza kulipa, wenye hoteli wakaiga, wakamzidi mtaji, akatoka.

Akageukia samaki. Alinunua pwani na kuwapeleka kwa farasi hadi Leeds na Manchester. Samaki hawasubiri, kwa hiyo mara nyingine alikesha siku mbili tatu mfululizo barabarani. Faida ikawa ndogo kuliko uchovu, akaiacha pia.

Mwaka 1745 ulitokea uasi uliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Metcalf aliajiriwa kusaidia kuandikisha askari wa upande wa mfalme wilayani kwao, kisha akafuatana na kikosi hicho hadi Scotland kama mpiga muziki. Kazi nyingine aliyoifanya huko ni kusaidia kusogeza mizinga kwenye ardhi ya topetope. Yeyote aliyewahi kusukuma trekta lililozama majarubani anaweza kukisia somo alilolipata hapo juu ya uzito na tope.

Vita ilipokwisha mwaka 1746 hakurudi mikono mitupu. Alikuwa ameona soksi za sufu za Aberdeen na akajua kuwa zina soko Yorkshire, akaanza kuzileta. Alinunua na kuuza farasi kati ya kwao na Scotland. Inasemekana pia kuwa aligusa chai na pombe kali za magendo, jambo ambalo mwenyewe hakulificha sana uzeeni. Hatulisifii, lakini ndivyo alivyokuwa.

Hatimaye, miaka ya mwanzo ya 1750, akaanzisha gari la mizigo na abiria kati ya York na Knaresborough. Lilikwenda mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa baridi, na aliliendesha mwenyewe.

Tofauti hiyo ya safari mbili na safari moja ndiyo hesabu ya barabara mbovu. Farasi ni wale wale, gari ni lile lile na wateja wapo, ila mvua na theluji ziliikata nusu ya biashara yake kila mwaka. Alikuwa amezilipia barabara mbovu kwa fedha yake muda mrefu kabla hajalipwa kuzijenga nzuri.

Zabuni ya kwanza akiwa na miaka 48

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na utaratibu wa barabara za kulipia. Bunge lilipitisha sheria ya kila eneo, wakateuliwa wadhamini, nao wakakopa fedha, wakajenga na kuweka mageti ya kutoza ushuru. Mwaka 1765 ikapitishwa sheria ya namna hiyo kwa eneo la Knaresborough.

Metcalf alikwenda kuomba kazi. Alipewa kipande cha maili tatu, karibu kilomita tano, kati ya Minskip na Ferrensby kwenye barabara ya Harrogate hadi Boroughbridge. Msimamizi mkuu alimjua vizuri na akamwamini. Metcalf akaiuza biashara yake ya magari, akaweka kila kitu kwenye barabara.

Kabla ya kuchimba, alilitembea eneo lote peke yake akiwa na fimbo ndefu. Aliichoma ardhi, akasikiliza sauti, akakanyaga polepole. Kokoto zote za kipande kile zilipatikana kwenye shimo moja, kwa hiyo akahamishia kambi, vibarua na farasi karibu na shimo badala ya kuwatembeza kila siku kutoka mjini. Kazi ikaisha mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Baada ya hapo kazi zikafuatana. Alijenga daraja Boroughbridge na barabara kadhaa katika Yorkshire, Lancashire, Cheshire na Derbyshire. Mara moja akipita kwenye nyika moja alihisi chini ya miguu sehemu ngumu isiyofanana na nyingine. Alipoichimbua alikuta barabara ya kale ya mawe iliyofukiwa na udongo, akapata mawe ya bure kwa kazi yake.

Kanuni zake zilikuwa tatu, na wahandisi wa leo hawana cha kupunguza: msingi imara, mitaro ya kutoa maji pembeni, na uso ulioinuka katikati kama mgongo ili mvua iteremke mitaroni. Adui wa barabara, kwa maoni yake, alikuwa maji kwanza na magurudumu baadaye.

Kinamasi cha Standedge

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina. Kati ya Huddersfield, mji wa nguo za sufu, na Manchester, mji wa pamba, kuna milima ya Pennine. Juu yake, upande wa Pule na Standedge, kuna uwanda wenye mboji, ule udongo mweusi unaotokana na mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Sehemu kubwa ya mboji ya namna hiyo ni maji. Ukiikanyaga inatikisika, na ukisimama mahali pamoja unaanza kushuka.

Barabara mpya ilipaswa kupita hapo. Wapimaji waliokuwapo walishikilia njia ya kawaida, yaani kuichimba mboji yote mpaka ardhi ngumu, kisha kujaza mawe na kokoto kutoka chini hadi juu.

Metcalf alipiga hesabu akakataa. Mtaro wa upana wa barabara na kina cha mita kadhaa ungekula mawe yasiyo na idadi, na mawe yenyewe yangepandishwa mlimani kwa farasi. Tena kinamasi hakikai kimya ukikichimba. Tope la pembeni huteleza na kujaza shimo. Na hata wakifika chini, watakuwa wametengeneza handaki ambalo kila mvua na theluji ya eneo lile itakimbilia humo.

Yeye alipendekeza barabara ielee.

Wadhamini hawakuridhika. Ubishi ulimalizwa kwa makubaliano ambayo mkandarasi wa leo angeyafikiria mara mbili kabla ya kutia saini: Metcalf ajenge kwa njia yake, na ikishindikana, aibomoe na kuijenga upya kwa njia yao, kwa gharama zake mwenyewe. Kwa mtu aliyekwisha kuuza magari yake ili aingie kwenye ukandarasi, hiyo ilikuwa ni kuweka nyumba rehani.

Kwenye barabara hiyo alikuwa na vibarua takriban 400 katika vituo mbalimbali. Walianza na mitaro ya pembeni ili kupunguza maji. Kisha akawaamuru wakate vichaka vifupi vigumu vinavyoota kwa wingi kwenye nyika zile za baridi, aina ambayo hakuna mkulima aliyeihitaji. Vichaka vikafungwa matita madogo ya mviringo. Matita yakapangwa kwa safu, yamebanana. Juu yake ikapangwa safu nyingine iliyokatiza ya kwanza, yote yakashindiliwa. Ndipo wakaleta mawe na changarawe.

Watu walikusanyika kutazama siku gari la kwanza la mawe lilipopanda, wengi wakitegemea kuona farasi na mzigo vikimezwa. Havikumezwa. Umati ukapiga kelele za shangwe, na magari mengine yakafuata.

Kipande kile, kilichodhaniwa kuwa hakijengeki, hakikuhitaji matengenezo kwa miaka 12.

Kwa nini kilisimama

Siri ipo kwenye mambo matatu ambayo hata mwenye shamba anaweza kuyaelewa bila kusoma uhandisi.

Kwanza ni kutawanya uzito. Jiwe moja likiwekwa juu ya tope linakandamiza eneo dogo, hivyo linazama. Mawe yale yale yakiwekwa juu ya mkeka mpana wa matawi, mzigo unagawanyika. Wanaovuka madimbwi ya mpunga kwa kutandika matete wanaijua hesabu hiyo kwa miguu yao.

Pili ni kutenganisha. Bila kitu katikati, kila gurudumu linapopita husukuma kokoto chini na kufyonza tope juu, mpaka vyote vinakuwa uji mmoja. Matita yalizuia mchanganyiko huo huku yakiruhusu maji kupenya.

Tatu ni wepesi. Vichaka vina uzito mdogo sana kuliko mawe ambayo yangejazwa mahali pake. Kinamasi kina kiwango cha mzigo kinachoweza kuubeba, na kila kilo unayoipunguza kwenye msingi ni kilo unayoweza kuiruhusu kwenye lori.

Msomaji atauliza, je, matawi hayaozi? Yanaoza yakiwa mahali panapolowa na kukauka kwa zamu. Yakikaa chini ya maji wakati wote, bila hewa, hudumu ajabu. Mwaka 1970 huko Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, iligunduliwa njia ya mbao iliyozikwa ndani ya mboji, na uchunguzi wa pete za miti ukaonyesha kuwa ilijengwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Kwa hiyo wazo la kutandika miti juu ya tope halikuanza na Metcalf. Alichokifanya yeye ni kulipeleka kwenye barabara ya magari mazito, kwa mkataba, kwa bei iliyojulikana kabla ya kazi kuanza.

Waliofuata njia hiyo

Miaka kama 20 baada ya kifo chake, George Stephenson alitumia mbinu ya jamaa moja na hiyo kuivusha reli ya Liverpool na Manchester juu ya kinamasi cha Chat Moss. Alitandaza vichaka na fito zilizosukwa, na reli ikafunguliwa Septemba 15, 1830. Treni bado zinapita hapo mpaka leo, nzito mara nyingi kuliko zile za wakati wa Stephenson.

Tangu hapo wahandisi wamebadilisha bidhaa, lakini kazi ya bidhaa hizo ni ile ile ya matita. Idara ya barabara ya jimbo la South Carolina, Marekani, ilianza mwaka 1926 kujaribu vitambaa vizito vya pamba ndani ya barabara, navyo vilisaidia mpaka pamba yenyewe ilipochakaa. Vikaja vitambaa na nyavu za plastiki, vinavyoitwa jioteksitaili, ambavyo sasa ni vya kawaida kwenye miradi mikubwa.

Wanorwe mwaka 1972 walikwenda mbali zaidi. Kulikuwa na barabara karibu na Oslo iliyokuwa ikizidi kutitia kando ya daraja. Waliondoa udongo wa juu wakaweka matofali makubwa ya povu jeupe la plastiki, lile linalofungiwa televisheni dukani. Mita moja ya ujazo ya povu hilo ina uzito wa kilo 20 hivi, wakati udongo wa kujazia hukaribia kilo 2,000. Huko kaskazini mwa Scotland, mwaka 2002, matairi chakavu yaliyobanwa na kufungwa marobota yalitumika kubeba barabara juu ya mboji.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Nchini Kenya, shirika la Kijapani liitwalo CORE limefundisha vikundi vya wakulima mbinu ya Do-nou. Viroba hujazwa udongo au changarawe kwa kipimo kimoja, hufungwa, hupangwa kwa safu kwenye sehemu korofi ya njia na kushindiliwa kwa mkono, kisha hufunikwa kwa moramu. Kiroba kinazuia udongo usitanuke pembeni lori linapopita. Sharti kubwa ni kukifunika vizuri, maana jua hula nyuzi zake upesi.

Ninachokiona hapa ni hesabu ya Metcalf. Hakuna kijiji kinachokosa viroba vilivyotumika, kama vile nyika ya Standedge isivyokosa vichaka.

Tahadhari ni moja. Tope la kwetu si mboji ya Pennine. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hukauka kila mwaka, na matita ya matawi ndani yake yataliwa na mchwa au kuoza ndani ya misimu michache. Hapo viroba, vitambaa vya plastiki au kuchanganya udongo na chokaa vina nafasi zaidi. Matawi yanafaa mahali ambapo maji hayakauki, kama vile mabonde yenye chemchemi na kingo za mabwawa. Na kote kuwili, mitaro kwanza. Asiyechimba mtaro asihangaike na kingine chochote.

Miaka ya mwisho

Turudi kwa mzee wetu. Kwa jumla Metcalf alijenga karibu maili 180 za barabara, yaani kilomita 290 hivi, na malipo aliyopokea kwa kazi zote yanakadiriwa kufikia pauni 65,000. Hesabu za ujazo, vibarua na gharama alizifanya kichwani kwa njia zake mwenyewe, na alikiri kwamba asingeweza kumfundisha mtu mwingine. Daktari mmoja wa Manchester aliyeitwa Bew, aliyekutana naye kazini akipima njia kwa fimbo, alishangaa kiasi cha kuandika habari zake katika jarida la chama cha wasomi wa mji huo.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Baada ya Dorothy kufariki aliingia kwenye pamba, akanunua mashine za kusokota nyuzi, akapata hasara na kuacha.

Ukandarasi nao ukabadilika. Mwishoni mwa karne hiyo Uingereza ilishikwa na homa ya kuchimba mifereji ya kusafirishia mizigo, na wachimbaji wa mifereji wakalipwa ujira ambao mjenzi wa barabara hakuuweza. Mkataba wake wa mwisho, wa barabara ya upande wa Haslingden na Accrington huko Lancashire, ulikuwa umefungwa kwa bei ya zamani. Vibarua wakapanda bei katikati ya kazi. Alimaliza barabara kama alivyoahidi, mwaka 1792, akatoka na hasara. Alikuwa na miaka 75.

Alihamia Spofforth, kijiji kisicho mbali na Knaresborough, akaishi kwa binti yake na mkwewe shambani. Hata huko hakutulia. Alifanya biashara ya mbao na majani makavu ya mifugo. Alipokwenda kununua lundo la majani alilizunguka akilipima kwa mikono, akapata urefu, upana na kimo, akapiga ujazo kichwani na kutaja bei kabla mwenye mali hajamaliza kubabaisha.

Mwaka 1794, akiwa na miaka 77, alitembea kwa miguu hadi York kumsimulia mchapishaji maisha yake. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na humo ndimo zimetoka habari nyingi tunazozijua kumhusu, zikiwamo zile za magendo.

John Metcalf alifariki Aprili 26, 1810, akiwa na miaka 92, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Spofforth. Aliacha watoto wanne, wajukuu 20 na vitukuu 90. Gurudumu alilolitumia kupimia urefu wa barabara limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Knaresborough, na katika uwanja wa soko wa mji huo kuna sanamu yake ya shaba, amekaa kwenye benchi lenye nafasi ya mtu mwingine kuketi pembeni yake.